Bareilly Ki Barfi: Rajkummar Rao kawafunika wote

Haya wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo salamu fupi, maana hii picha imenipandisha mzuka. Bareilly Ki Barfi, picha ya Kihindi ya mwaka 2017, imeongozwa na Ashwiny Iyer Tiwari. Kisa wengi mnakijua: Bitti anatoroka kwao, stesheni ananunua kitabu, anakuta msichana wa humo ni yeye mtupu, basi anaanza kumsaka mwandishi. Mwandishi ni Chirag, mwenye kiwanda cha uchapaji, ila jalada lina jina na sura ya Pritam. Inatosha.

Mimi nataka tuongee waigizaji. Tumezoea picha la Kihindi ni steringi na mpenzi wake, waliobaki ni kujaza nafasi. Humu kila mtu ana kazi.

Twende kwa Rajkummar Rao, na hapa tutakaa. Narudisha nyuma kidogo... hapo. Huyu ndiye Pritam, muuza sari dukani mjini Lucknow. Anajivika sari yeye mwenyewe ili wateja waone inavyokaa. Angalia mabega yalivyoporomoka. Macho yako chini, sauti inatoka kwa kuomba ruhusa. Sasa napeleka mbele. Chirag, ambaye naye anampenda Bitti, keshamfundisha ubabe ili Bitti amchukie. Miwani ya jua, kifua mbele, anaongea kama mtaa mzima anaulisha yeye. Jamani, ni mtu yuleyule! Hajabadilishwa sura, kilichobadilika ni shingo, mwendo na sauti. Mbele ya familia ya Bitti ni jabali; akibaki na Chirag, ananywea. Narudia tena mwone... mmeona mabega? Filmfare, zile tuzo za filamu za India, walimpa tuzo ya mwigizaji msaidizi bora, na Ashwiny akabeba ya mwongozaji bora. Haki yao.

Ndiyo maana nawasihi: msiitazame iliyowekewa sauti ya kutafsiri juu yake. Rao ana sauti mbili humu, na ukiifunika hiyo sauti umepoteza nusu ya picha. Tafuteni yenye maandishi chini. Ni ya saa mbili hivi, siyo zile za saa tatu, kwa hiyo bando halitawauma sana.

Kriti Sanon ndiye Bitti, na amemvaa vizuri, hasa pale mchumba anapomuuliza kama ni bikira, naye anamrudishia swali hilohilo. Ayushmann Khurrana, ndiye Chirag, yuko sawa tu... hapana, ngoja, nimtendee haki. Yule anayeona mtu aliyemfinyanga mwenyewe anampokonya mpenzi, kuicheza ile hasira ya kumeza si mchezo.

Wazazi sasa! Pankaj Tripathi, mwenye duka la vitamutamu, anamwomba binti yake sigara kwa upole kabisa, huku Seema Pahwa akihangaikia ndoa. Huyu mama yumo pia kwenye picha nyingine, Shubh Mangal Saavdhan, na Ayushmann huyohuyo, iliyotoka wiki mbili tu baadaye. Ile nayo inachekesha, pengine kuzidi hii, lakini kwa timu nzima mimi nabaki Bareilly.

Habari ya chaneli: kuanzia wiki ijayo video zinatoka Ijumaa jioni, bonyezeni kengele. Na niandikieni hapo chini, mngekuwa Bitti mngemchagua Chirag au Pritam? Mimi Pritam, tena yule wa dukani.