Dojo tatu kwa mtoto mmoja

Nianze na hukumu, mwenye haraka asihangaike: dojo la judo, yaani ukumbi wa mazoezi ya mchezo wa Kijapani wa kurushana na kubanana, alilopo mwanangu sasa limepata kwangu nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya mikeka na ya simu, nitafika huko. Kabla ya hapo tulipita shule mbili, ambazo sizitaji majina. Kilichonikera mimi huenda mwingine ndicho anachokitafuta.

Binti yangu ana miaka tisa. Si mgomvi wala si mwoga, ila kwenye foleni utamkuta kasimama nyuma ya mwenzake. Aliomba mwenyewe kufundishwa, baada ya kuona mateke kwenye televisheni, basi tukaanzia kwenye mateke.

Shule ya kwanza ilikuwa ya taekwondo, mchezo wa mateke wa Kikorea. Sakafu inang'aa, vikombe vimepangwa mpaka karibu na dari, na mapokezi tulipokelewa kama wageni wa harusi. Mtoto hata viatu hajavua, mezani nimewekewa mkataba wa mwaka mzima, umeandikwa kwa wino mzito: mkanda mweusi kwa miaka mitatu. Nikauliza, mtoto wa miaka kumi na mbili anapataje mkanda mweusi? Yule dada wa mapokezi akacheka. "Mama, mbona wapo wengi tu!"

Nilirudi nyumbani nikasoma. Kukkiwon, makao ya taekwondo kule Seoul, mtoto aliye chini ya miaka 15 humpa cheo kiitwacho poom, na mkanda wake huwa nusu mwekundu nusu mweusi. Dan, yaani cheo cha mkanda mweusi wenyewe, inasubiri umri. Kwenye jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo mwingine wa kukabiliana, shirikisho lake la kimataifa la IBJJF halitambui mkanda mweusi kwa aliye chini ya miaka 19. Sasa mtu anayeniahidi rangi na tarehe kabla hajamwona mtoto akirusha hata teke moja, huyo ananiuzia kitambaa. Mitihani yenyewe kila miezi miwili, kila mtihani na malipo yake.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonitoa pale ni pazia. Wakati wa darasa wanalifunga, wazazi tunabaki nje, eti tunawavuruga watoto. Niseme kweli, mwanangu alitoka anacheka, na kijana aliyemfundisha alikuwa mchangamfu. Lakini mtoto wangu awe ndani na mimi nisione? Hapana, mwalimu awe nani.

Ya pili ilikuwa ya karate, na mwalimu alikuwa fundi hasa. Akipiga ngumi unasikia mkono wa sare ukilia pa! Hapa walituruhusu kukaa, nami nikatoa saa. Darasa la dakika 60, watoto ishirini na kitu, mwalimu mmoja. Mwanangu alifanya mazoezi na mwenzake kwa dakika tano ukijumlisha zote. Zilizobaki alisimama mstarini kuwatazama wakubwa wanaoandaliwa kwa mashindano. Aliyeshindwa mpambano anapiga pushapu mbele ya wenzake. Nikamwuliza mwalimu kuhusu hilo. Akaniambia, kwa adabu kabisa, "Mama, mtoto asiyeumia kushindwa hatashinda." Sikubishana. Ila nilikumbuka kwamba Wajapani wenyewe, mwaka 2022, waliyafuta mashindano ya taifa ya judo ya watoto wa shule za msingi, kwa sababu makocha na wazazi walikuwa wameukamia ushindi kupita kiasi. Kwa kijana wa miaka kumi na sita mwenye njaa ya medali ningependekeza pale bila kusita.

Dojo la judo niliingia bila matumaini. Ukumbi wa zamani, taa moja inapepesa, ukutani picha ya Jigoro Kano, mzee aliyeanzisha judo mwaka 1882, imekaa upande. Mwalimu ni mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Hakuniuliza kama nimekuja kulipa. Aliniuliza kama mtoto ana pumu, kama aliwahi kuvunjika mfupa, na kama kuna jambo linalomtisha. Kisha akaniambia, "Kaa popote, mama. Ukiona jambo usilolielewa, niulize darasa likiisha."

Mwezi mzima walifundishwa kuanguka. Si mzaha. Wanaanza wamechuchumaa, kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda, wanajiviringisha nyuma na kupiga mkeka kwa mikono yote miwili, viganja vikielekea chini. Ukitegemea kiwiko, anakurudisha. Ukiinua kichwa kutazama dari, anakurudisha. Wanaita ukemi. Binti yangu alichoka siku ya tatu, akanuna garini, anataka kurusha watu. Nami kidogo nimtoe, nakiri.

Halafu ikaja siku ya kubanwa chini. Mvulana aliyemzidi mwanangu kilo nyingi kamlalia, kamshika shingo na mkono, mwanangu anafurukuta kama samaki. Mwalimu alikuwa amewaambia: ukitosheka, mgonge mwenzako mara mbili, naye aachie palepale. Mwanangu akagonga. Yule mvulana akachelewa, labda sekunde moja, alikuwa anacheka. Mwalimu alisimamisha darasa zima. Hakufoka. Alimwita mvulana, akalala yeye mwenyewe chini, akamwambia ambane, akagonga, na safari hii mkono uliachia mara moja. Wakarudia mara kumi, darasa zima likihesabu. Kisha akamwambia mwanangu amgonge yule mvulana tena. Na tena. Nilimtazama usoni. Mtoto wangu wa nyuma ya foleni alikuwa akigundua kwamba akisema basi, mtu mkubwa kuliko yeye anaacha. Hilo sikulikuta kwenye mkataba wa mtu yeyote.

Watoto wa umri wake hawafundishwi kukaba shingo wala kukunja viwiko vya wenzao. Wanarusha, wanabana, basi. Mtihani ukifika mwalimu ndiye anayesema nani yuko tayari, na muhula uliopita wawili waliambiwa wasubiri. Mama mmoja alinuna. Mimi nilifurahi, ingawa mmoja wao alikuwa wangu.

Sasa kasoro. Mikeka ya upande wa dirishani imeachana, na mtoto alishanasa kidole cha mguu kwenye upenyo, kucha ikang'oka nusu. Wameifunga kwa utepe wa gundi, na utepe huo unabanduka kila wiki. Ratiba nayo hubadilika bila taarifa: mara mbili tumefika tukakuta kufuli, na simu inaita tu haipokelewi. Sare za kuazima nazo zina harufu. Nunueni yenu mapema, na mchukue kubwa kidogo maana pamba hupungua ikifuliwa.

Nimewaambia kuhusu mikeka, wameahidi kuibadilisha muhula ujao. Ikibadilishwa nitarudi hapa kuongeza nyota. Nusu. Nusu nyingine ni ya simu.