Programu ya ratiba ya tenisi: nyota tatu kati ya tano

Nimeitumia tangu mashindano ya Australia ya Januari hadi fainali ya Wimbledon. Ni ya bure, matangazo yapo ila hayakeri. Mimi ni mtu wa mpira wa miguu. Tenisi ilinivuta mwaka 2022, Angella Okutoyi wa Kenya alipochukua ubingwa wa wasichana wawili wawili pale Wimbledon. Ninachotaka ni kujua nani anacheza lini, kwa saa za hapa Dar.

Na hapo ndipo inapoharibu. Inaandika "saa 10:00 jioni" kana kwamba ni Simba na Yanga. Uwanja mmoja wa tenisi hubeba mechi tatu, nne kwa siku, zimepanga foleni kama wateja wangu wa kunyolewa. Ya kwanza ina saa yake; zinazofuata husubiri iliyotangulia iishe, au huandikwa tu kwamba hazitaanza kabla ya saa fulani. Programu inakisia na haikwambii kwamba inakisia. Siku moja ya Wimbledon nilifunga saluni mapema, nikanunua bando, nikakaa. Mechi iliyotangulia ikaenda seti tano, kisha mvua. Pale viwanja vyenye paa ni viwili tu, Centre Court na No. 1 Court, na mechi yangu haikuwa humo. Ikasogezwa kesho. Wateja wangu wawili walishanyolewa kwa jirani.

Kesho yake mtu wangu akachukua seti ya kwanza, mpinzani akajitoa katikati ya seti ya pili. Nikashangilia. Nilikobeti wakafuta mechi, wakarudisha dau. Rafiki yangu, kampuni nyingine, akalipwa kama ushindi. Kwa hiyo soma kanuni za kujitoa kabla hujatandika mkeka, programu haitakukumbusha.

Nyota tatu nimezitoa kwa kalenda ya mwaka. Kila aina ya uwanja ina rangi yake: udongo, nyasi, sakafu ngumu. Unaona Roland Garros, mashindano ya udongo ya Paris, inaisha na Wimbledon ya nyasi ipo wiki tatu mbele, unajua aliyefika mbali Paris anaweza kujitoa kwenye mashindano madogo ya nyasi wiki inayofuata. Huyo simuweki tena kwenye mkeka.

Sasa inakuja US Open ya New York. Mechi za usiku kule huanza saa 1 jioni, kwetu saa 8 usiku, na kengele ya programu haina pa kuinyamazisha. Mke wangu naye ana nyota zake za kutoa.