TAHADHARI kwa mnaonunua simu used Kariakoo: mimi nimejua natafutwa na polisi kupitia kwa mteja wa keki

Jamani someni hii mpaka mwisho ni ndefu kidogo, nimeandika nikiwa na hasira ila kila kitu ni kweli.

Jumatano ya wiki mbili zilizopita nipo jikoni nachanganya siagi na sukari, mteja wangu mmoja wa Tabata akanipigia, nikajua oda. Kumbe anaongea kwa sauti ya chini kabisa, "Dada samahani, kuna mtu kanipigia anasema ni askari, kaitaja namba yako kaniuliza kama nakufahamu na unakaa wapi. Nimemwambia mi nakujua kwa keki tu. Kuna usalama kweli?"

Mi nikacheka. Nikamwambia achana nao hao matapeli, si ndo wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Na kweli wiki ile kuna namba ngeni ilinipigia mara mbili, mwanaume anasema anapiga kutoka kituo cha polisi, sikumpa hata nafasi ya kumaliza, nikamblock. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Mchana bodaboda wangu anaenipelekea mizigo akaja, hataki hata kushuka kwenye pikipiki, nae kapigiwa. Jioni mama mdogo toka Morogoro analia, "mwanangu umefanya nini huko mjini". Hapo ndo miguu ikaisha nguvu. Watu watatu siku moja, na wote ni wale ninaoongea nao kila siku. Tapeli atajuaje mtu wangu wa boda?

Kaka yangu ndo akaniambia unblock hiyo namba, piga, usiulize kesi gani, uliza kituo gani na umuulizie nani, halafu tunaenda wenyewe kwa miguu yetu. Nikapiga. Yule afande wala hakuwa mkali, kaniuliza swali moja tu: "Hiyo simu unayoongelea saa hizi umeitoa wapi?"

Sasa nirudi nyuma, maana hapa ndo pa kushika.

Simu niliinunua Kariakoo, kwenye frem moja zile za watu wengi, kila mmoja na kimeza chake cha kioo. Frem siitaji maana faili bado lipo wazi na afande kaniambia nisiharibu upelelezi, ila mnaozunguka mitaa ya Aggrey kununua used mtaelewa. Kijana mtanashati, mchangamfu, dada dada nyingi, nilimpata kupitia status za mtu, anaposti "used from Dubai, full boksi, waranti miezi mitatu". Galaxy A15, mpya dukani wakati ule ilikuwa inakaribia laki nne, yeye anatoa kwa laki mbili na sitini na boksi lake na chaja. Kioo kisafi, ila ubavuni karibu na kitufe cha sauti kuna alama tatu ndogo kama za meno. Nikamuuliza hizi nini, akasema "sister Dubai watoto wao wanang'ata kila kitu", tukacheka wote.

Na msinione mzembe, niliuliza. Nikamwambia nataka niihakiki IMEI kwanza, ile namba ya utambulisho ya simu, maana nakumbuka 2016 TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walivyozima simu feki, shangazi yangu simu ilimfia mkononi mwezi wa sita ule. Akasema haina shida kabisa dada angu, akalishika boksi, akanisomea tarakimu zote 15 moja moja, mi naandika, nikatuma kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu. Jibu likarudi fasta, Samsung, modeli ile ile. Roho kwatu, nikalipa.

Mmeona alichonifanyia? Alinisomea namba ya KWENYE BOKSI. Sio ya simu. Boksi ni la simu nyingine ya aina hiyo hiyo kwa hiyo jibu lazima lije sawa. Ya simu yenyewe unaipata kwa kupiga *#06# inajitokeza kwenye kioo, na kama ni ya laini mbili zinakuja namba mbili. Mi hiyo *#06# naijua miaka yote, sijui siku ile kichwa kilikuwa wapi. Ni ile akishakushikia boksi na anasoma kwa kujiamini unaona aibu kumwambia subiri nipige mwenyewe.

Halafu hata ningetuma namba ya kweli nadhani ningeingia tu, maana afande alinielewesha, 15090 inakwambia simu ni halisi au feki na ni ya kampuni gani, haikwambii imeibiwa wapi. Labda mwenyewe awe ameomba ifungiwe. Na mwenye simu akitaka ipatikane haifungii, anaiacha hewani makusudi ili ifuatiliwe. Anafungua RB, yaani anaripoti polisi anapewa namba ya taarifa yake, anapeleka IMEI yake, laini yoyote ikichomekwa mle inaonekana, na laini zetu zote toka 2020 ni za alama za vidole na NIDA, jina lako linatoka kamili kama kwenye cheti cha ubatizo. Wakikupigia hupokei wanaanza na unaoongea nao sana. Ndo maana mama mdogo na boda.

Kingine ambacho kilitakiwa kinishtue: hakutaka lipa namba wala kumtumia kwa simu. "Dada toa tu kesh kwa wakala pale mlangoni, mi line yangu ina shida." Risiti akaniandikia ya mkono, "simu 1 Samsung 260,000", haina IMEI, haina jina lake, sahihi kama kamba iliyokatika. Nikaikunja nikaweka kwenye boksi nikaona nina ushahidi.

Kituoni nilifika saa nne asubuhi, nikatoka saa kumi na moja jioni. Afande akachukua simu, akapiga *#06#, akaweka boksi pembeni, akanisukumia vyote viwili. "Soma mwenyewe dada." Tarakimu za mwanzo sawa, zile za mwishoni hazifanani kabisa. Akafungua faili, picha ya boksi la mwenye simu ipo mle, namba ile ile ya kwenye kioo. Akanisomea kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, mi nasikia masikio yanapiga filimbi tu. Nikaandika maelezo kurasa nne. Kaka akanidhamini kwa barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho chake, ukutani wameandika dhamana ni bure na niseme ukweli hawakuniomba hata mia.

Mwenye simu aliitwa jioni ile ile. Binti mdogo tu, mwanafunzi, alikwapuliwa na watu wa pikipiki akiwa anasubiri daladala. Nilijiandaa kutukanwa. Yeye kaishika simu, kaigeuza ubavuni, kaona zile alama tatu, akaanza kulia, kumbe ni meno ya mdogo wake. Nikatoa laini yangu nikamwachia.

Kesho yake tukaenda na askari mpaka kwenye ile frem. Kimeza kipo, kioo kile kile, ila amekaa dada anauza kava na chaja. Anasema yule kijana alikuwa anakodi meza kwa wiki, hamjui hata jina la pili. Namba yake haipatikani. Kwa sasa naitwa shahidi, naripoti kila nikiitwa, laki mbili na sitini ndo hivyo, na wateja wawili wa keki toka wapigiwe na polisi hawajaagiza tena, siwalaumu.

Na kwa vile nilisimulia kwenye status yangu, juzi kanipigia mwingine, "hapa ni kituoni, tuma laki moja na nusu tufute faili lako." Nikamuuliza RB namba ngapi na mpelelezi wangu anaitwa nani, akaanza kufoka, mara afande mkubwa amekasirika, nikakata, namba yake nikaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli. Yule wa kweli toka siku ya kwanza aliniambia kitu kimoja tu, njoo kituoni.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Jana usiku dada yangu kanitumia page mpya ya simu used, jina jingine, namba nyingine. Hawaonyeshi sura, ni mkono tu unageuza simu juu ya meza. Ni mkono wake. Bangili ile ile ya shanga za bendera iliyokatika ikafungwa na uzi mweusi, na kile kitambaa cha meza cha zambarau chenye doa la wino kwenye kona, niliking'ang'ania macho siku nzima wakati anatafuta chaja. Caption "mzigo mpya umeingia, full boksi". Screenshot nimeshampelekea mpelelezi.

Kama ulinunua kwa mkono wenye bangili hiyo, piga *#06# sasa hivi linganisha na boksi. Zisipofanana usiitupe na usimuuzie mtu, beba simu, boksi na kikaratasi chake uende kituoni kabla mama yako mdogo hajapigiwa. Anaetaka kuunganishwa na mpelelezi wangu aje inbox.