Kuishi na familia Unguja: pesa ya chakula iliishia wapi?

Nayaandika haya kwa Kiswahili makusudi, ili kina mama wa Unguja wanaopokea wanafunzi wa kigeni wayasome. Nasoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Osaka, na safari hii nilitafutiwa darasa na nyumba ya kukaa na wakala mmoja wa Zanzibar. Fedha zote, za masomo, malazi na chakula, nilimlipa yeye kabla sijapanda ndege.

Mama aliyenipokea Ng'ambo, hapo mjini Unguja, sina neno naye. Mwezi Mtukufu ulinikuta kwake. Ikipita alasiri anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi, anakamua tui kwa kifumbu, na futari ikitengwa, muhogo wa nazi, tambi, kaimati, anayepakuliwa mwanzo ni mimi. Jioni moja nikamkuta dukani anakopa unga na sukari. Nikamuuliza kulikoni. Akasita, kisha akasema, "Mwanangu, tangu uje sijatiwa hata shilingi mkononi. Kila siku naambiwa kesho."

Nilitetemeka kwa hasira. Chakula nilichokilipia nilikuwa nalishwa kwa deni la Mama!

Asubuhi nikaenda ofisini kwa wakala na risiti yangu. Nikamwamkia mratibu kwa adabu zote, shikamoo, naye akanijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu: nimekuja kusoma, sikuja kukagua hesabu, mambo ya wenyeji niwaachie wenyeji. Mtu anayeishi kwa kuuza Kiswahili! Risiti hakuigusa.

Nilitaka kuandika kwamba wanafunzi wenzangu msije kabisa. Lakini itakuwa dhuluma kwa mwalimu wangu, aliyekuwa akitutoa darasani kutupeleka sokoni Darajani tukaulize bei na kupatana. Ngeli zilizonishinda Osaka ziliniingia kwenye meza za ndizi na madafu. Masomo ni mazuri, tena mazuri sana. Basi njooni.

Ila si kwa wakala yule. Hapana. Kila nikilikumbuka deni lile dukani, hata uzuri wa darasa unanitoka. Niliposema nitaandikia chuo changu, Mama alilipwa nusu. Nusu nyingine mpaka naondoka ilikuwa bado "kesho".

Mnaokuja, wiki ya kwanza tu muulizeni Mama mwenyewe amepewa ngapi. Na wewe mratibu, ukiisoma hii, kamlipe.