Wafu Walipovuka Ruvuma: Uzoefu Wangu na Albamu ya Mazombi Kutoka Mtwara

Albamu hii imetengenezwa na kikundi cha vijana wa Mtwara mjini wasio na lebo wala mdhamini, wanaojitambulisha kwa lakabu tu, na jalada lake halina jina lolote isipokuwa mchoro wa mtumbwi uliosheheni watu waliosimama wima kupita kiasi. Nyimbo zake kumi na tatu zinasimulia hadithi moja: mazombi wanavuka mto Ruvuma usiku, mji unaanguka mtaa kwa mtaa, na watu wachache waliosalia wanatafuta njia ya kwenda kaskazini. Nililipa shilingi 10,000 kwa simu nikiwa nyumbani Lindi, na muda mfupi baadaye nikatumiwa kiungo cha kupakulia. Kuhusu malipo sina la kulalamika.

Mazombi tunaowaona kwenye runinga walitoka mbali. Asili yao ni imani za Haiti, ambako mfu aliyeinuliwa kaburini alikuwa mtumwa wa aliyemwinua, wala hakuwa mla watu. Aliyewageuza kuwa kundi lenye njaa ya nyama ya binadamu ni George A. Romero katika filamu yake ya mwaka 1968, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo nje ya studio kubwa. Wasambazaji wake walibadilisha jina la filamu wakasahau kurudishia tangazo la hakimiliki, hivyo ikawa mali ya umma na kila aliyetaka kuiga akaiga. Vijana hawa nao wamelichukua kundi hilo lenye njaa, lakini wamelikutanisha na msukule wa kwetu, ambaye kwa imani ya wengi ni mtu aliyechukuliwa kichawi akatumikishwa, na ambaye ndugu zake hawakati tamaa kwamba ipo siku atarudishwa. Hapo ndipo albamu inapopata nguvu yake yote, kwa sababu mtu mwenye tumaini la kurudishiwa ndugu yake hawezi kumpiga panga.

Wimbo wa nne ndio unaoonyesha jambo hilo vizuri kuliko nyingine zote, na kwangu ndio unaolipa bei nzima. Watu wamejifungia ndani ya ghala la korosho. Yupo karani wa chama cha msingi, msichana mwenye sauti kavu ya mtu aliyezoea kusoma uzito kwenye mizani, na yupo bibi aliyeshuka kutoka Newala kufuatilia malipo yake. Kwa muda mrefu hatusikii biti yoyote ila magunia yakiburutwa kuuzibia mlango, kisha kucha zikikwaruza bati kutoka nje, taratibu, mahali pamoja, bila kuhama. Bibi anaitambua sauti ya anayekohoa upande wa pili. Karani anamwambia, “Bibi, huyo si mjukuu wako tena,” naye anajibu bila kupandisha sauti, “Msukule harudishwi kwa panga, mwanangu. Nifungulieni mlango nizungumze naye.” Mabishano yanayofuata yanaimbwa kwa kupokezana kama wafanyavyo waimbaji wa ngoma, kila upande ukidaka neno la mwisho la mwenzake, na hakuna upande unaofanywa mjinga. Nilipomaliza kusikiliza nilikuwa bado sijajua ningekuwa upande gani, na waandishi wamejizuia kwa busara wasiniamulie.

Jambo la pili lililonifurahisha ni mashine ya salfa. Yeyote mwenye mikorosho anaujua mlio wake, kwa maana kuanzia Juni mashamba ya Kusini huwa yanaunguruma alfajiri watu wakipulizia salfa ya unga kuzuia ubwiri unga kabla haujaunguza maua. Katika wimbo wa sita wanusurika wanagundua kwamba vumbi la salfa linaficha harufu ya binadamu, basi wanajivika mashine mgongoni na kutembea katikati ya kundi la wafu wakiwa wamezungukwa na wingu la njano. Sauti imerekodiwa shambani kweli: kamba inavutwa, injini inakohoa na kuzima, inavutwa tena, inashika, halafu mlio unapanda polepole hadi unakuwa ndio besi ya wimbo. Mafuta yanapokaribia kuisha, mlio unaanza kukatika na wimbo wenyewe unayumba nao. Kama zombi ana pua ya kunusa ni swali ambalo sikutaka kulifuatilia.

Wimbo wa nane unahitaji maelezo zaidi, kwani umenipa raha na wasiwasi kwa kiasi kinachokaribiana. Wamechukua mahadhi ya mapiko, ngoma ya Wamakonde ambamo mchezaji hujifunika mwili wote kwa nguo na kuvaa kinyago kinachomeza kichwa kizima, kilichochongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi kikiwa na chale za uso na nywele halisi za binadamu. Huyo lipiko kwa desturi alichukuliwa kuwa mzimu au mfu aliyerejea, na siri ya nani yumo ndani ilikuwa ya wanaume waliopita jando. Kwa hiyo watu wa ukanda huu walikuwa na mfu wao anayetembea zamani sana kabla ya runinga, na kikundi hiki kimelielewa hilo. Ngoma ndogo zenye mlio mkali zinaanza mbali, zinakaribia, zinakatika ghafla kama lipiko anavyokatisha hatua, na katika ukimya huo msikilizaji anabaki kujiuliza yule mfu sasa amefika wapi.

Hata hivyo, mapiko hutisha na kuchekesha kwa pamoja. Watoto hukimbia huku wakipiga kelele za furaha, kisha hurudi ili wakimbizwe tena. Albamu imechukua nusu ya kutisha peke yake. Nilimpigia simu mjomba wangu aliye Newala nikamsikilizisha kipande hicho, naye hakukasirika kama nilivyohofia, ila aliuliza tu, “Sasa mbona hakuna anayecheka, mpwa wangu?” Naona swali lake linagusa kasoro halisi ya utunzi, maana kicheko kimoja mahali pale kingeongeza hofu maradufu.

Kuanzia wimbo wa tisa hadi wa kumi na moja mambo yanalegea. Wanajeshi wanaingia na helikopta zinazunguka, milio ya bunduki ni ileile ya kupakuliwa ambayo tumeisikia katika matangazo na vichekesho vya mtandaoni, na karani wetu mwenye sauti kavu anageuka ghafla kuwa shujaa wa kujisifu kwa mistari ya kufoka. Safari nayo inakimbizwa. Mingoyo, mahali ambapo barabara za Mtwara, Lindi na Masasi hukutana na ambapo mtu anayekimbia lazima aamue aelekee wapi, inatajwa mara moja kama kituo cha kununua maji. Lindi yetu imepewa ubeti mmoja, na ubeti wenyewe unaisifu bahari. Sisemi haya kwa wivu wa jirani, ingawa wivu kidogo upo. Nasema kwa sababu njia panda ile ingeweza kubeba wimbo mzima.

Wanajirekebisha katika wimbo wa kumi na mbili, ambamo wanusurika wanafika Rufiji na kukuta Daraja la Mkapa limefungwa ili maradhi yasivuke kwenda Dar es Salaam. Hapa hakuna bunduki hata moja. Kuna redio ndogo, na mtangazaji anayesoma kwa utulivu kabisa kwamba wananchi wa mikoa ya Kusini wanaombwa wawe na subira wakati serikali inashughulikia suala lao. Msikilizaji wa mahali pengine huenda akaona ni kejeli ya kawaida. Sisi tunaokumbuka maisha kabla ya mwaka 2003, wakati safari nzima ilitegemea kivuko cha Ndundu na mvua zikizidi mabasi yanakwama, au walau tunaokumbuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote, hatuhitaji zombi yeyote ili tuogope tangazo kama lile. Ni wimbo mfupi, na umeimbwa kwa sauti ya chini ya watu waliochoka. Nadhani ndio utakaodumu.

Upande wa ufundi, kazi imechanganywa kwa uangalifu usiolingana. Katika spika za masikioni kila mkwaruzo una mahali pake, kushoto au kulia, mbali au karibu, lakini kwenye sabufa yangu ya sebuleni besi ya mashine ya salfa iliyafunika maneno kabisa, na nyumba nyingi za huku husikiliza kwa sabufa. Kosa kubwa zaidi ni la mpangilio wa mafaili. Yamepewa namba 1, 2, 3 badala ya 01, 02, 03, kwa hiyo redio nyingi za magari zinazopanga kwa majina huupiga wimbo wa 10 mara baada ya wimbo wa 1. Nilipoyaweka kwenye flashi na kuyasikiliza ndani ya bajaji, wanajeshi walikuja kuukomboa mji ambao ulikuwa bado haujavamiwa, na dereva akaniuliza kwa adabu kama ndivyo hadithi ilivyokusudiwa. Aidha, kwa kuwa nyimbo zimeunganishwa bila mapumziko, umbo la MP3 huacha upenyo mdogo wa ukimya kati ya faili na faili, na upenyo huo unaharibu hasa pale ngoma za mapiko zinapovuka kutoka wimbo wa saba kuingia wa nane.

Niliwaandikia wauzaji kuhusu hilo, nao wakanijibu siku hiyohiyo na kunitumia faili moja refu lenye hadithi yote mfululizo, bila kudai malipo ya ziada. Anayenunua sasa aliombe hilo tangu mwanzo, kwa kuwa kiungo cha kawaida bado kinatoa vipande kumi na tatu. Aombe pia maandishi ya nyimbo, maana hayakuambatanishwa, na sehemu za Kimakonde katika wimbo wa nne na wa nane zina mambo ambayo msimulizi hayarudii kwa Kiswahili. Mwenye watoto wadogo asiufungulie sebuleni ule wimbo wa ghala usiku. Ile sauti ya kucha kwenye bati inafanana mno na ya tawi la mwembe juu ya paa.