Kisutu kilichogeuka waridi mikononi mwangu

Duka silitaji, ila lipo Darajani, Unguja, na wenyewe wakisoma watajijua. Nilinunua hapo doti kumi za kisutu, ile kanga ya bi harusi, kwa harusi ya mtoto wa dada yangu, mfunguo pili hivi. Mimi ndiye mama mdogo, kanga nilikabidhiwa mimi, kwa hiyo fedheha ilikuwa yangu.

Dukani zilikuwa nzuri, sikatai. Nyekundu imeiva, nyeusi kama masizi, nyeupe inang'aa. Nikalipa bila kuvutana bei, na si kawaida yangu. Nikazikata, nikazipeleka kupindwa, kisha nikaziloweka maji ya chumvi kama tulivyofunzwa na mama zetu, kila doti peke yake. Beseni ukadhani limechinjiwa kuku. Nilipozisuuza, nyeupe haipo. Waridi! Waridi la mabaka, pindo mpaka mji wa katikati.

Mtu atasema ni rangi tu imechuja. Kwa kanga nyengine ningenyamaza. Kanga ya maua ya rangi saba ikichuja, rangi moja inaistiri nyengine. Kisutu hakina pa kujificha: kina tatu tu, na nyeupe ndiyo inayozitenga nyekundu na nyeusi zisimezane. Ikiondoka hiyo, nyekundu inapoa, nyeusi inaonekana uchafu. Tena visutu vingi vya kizamani havina hata jina, hakuna maneno ya kukusemea. Rangi ndizo zinazosema huyu ndiye bi harusi, na aliyekaa mkeka wa mwisho anamwona.

Nikazirudisha, mbichi bado. Sikutaka ugomvi. Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, hebu tazama." Hakuzishika hata kidogo, macho yapo kwenye simu. Akanijibu, "Bi mkubwa, kwani kisutu si kinavaliwa siku moja tu? Nani alikwambia ufue?"

Nani aliniambia nifue! Kanga mpya imejaa wanga, ngumu kama karatasi, haikai mwilini. Na nani kamwambia ni cha siku moja? Kisutu alichoolewa nacho mama yangu kipo sandukuni, na nyeupe yake ni nyeupe mpaka leo. Pesa zangu ziliniuma, lakini neno lile ndilo lililoninyima usingizi.

Niseme na hili, maana haki ni haki. Mzee mwenye duka alisikia, akatoka nyuma. Akafungua robota jengine, akatoa doti mbili, akarowesha pembe na kuisugua kwa kitambaa cheupe mbele ya macho yangu. Kitambaa kikabaki cheupe. Akanipa zote mbili badala ya mbili zangu, hakutaka senti. Moja ndiyo aliyovaa bi harusi, na wallahi alipoingia chumba kizima kilinyamaza. Sisi wengine tulivaa madera.

Nilianza kuandika nikitaka kusema msiende kabisa. Basi nendeni, kisutu kizuri wanacho, ila mwambieni mzee afungue robota la nyuma, na pembe isuguliwe kabla hamjalipa.

La, hapana. Anayepokea wateja ni yule yule kijana, na doti nane za waridi bado ninazo kwenye mfuko, hakuna aliyeniuliza habari zake. Mpaka aje aniombe radhi, mimi mlango ule siukanyagi.