Kaushio Lipi la Chakula Linafaa Kununuliwa kwa Matumizi ya Nyumbani

Kati ya Novemba na Februari, maembe hujaa Mkuranga na Tabora kiasi cha kuoza chini ya miti, na miezi michache baadaye tunda hilohilo huuzwa moja moja kwa bei ya juu. Nyanya, mchicha na majani ya kunde hupitia hali hiyo kila mwaka. Wasukuma, wanaokausha viazi vitamu vikawa michembe na matobolwa, na Wagogo, wanaohifadhi mlenda wa unga, walikwisha kupata ufumbuzi wake zamani, na leo familia nyingi zinataka kufanya hivyo kwa usafi zaidi na kwa aina nyingi zaidi za vyakula. Swali la mnunuzi ni kaushio gani, yaani chombo gani cha kukaushia chakula, kinastahili fedha yake.

Kigezo kimoja kinatangulia vingine vyote: chakula hukaushwa na hewa inayopita juu yake, na kazi ya joto ni kuiwezesha hewa hiyo kubeba maji mengi zaidi. Chombo chenye joto kali kisicho na njia nzuri ya kutolea unyevu hupika chakula kwa mvuke wa chakula chenyewe. Joto likizidi, ngozi ya nje ya kipande hukauka upesi na kufungia maji ndani, na ukungu huota baada ya wiki chache ingawa kipande kilionekana kikavu siku kilipofungashwa. Kwa hiyo, muuzaji anayesifu ukali wa joto la chombo chake aulizwe kwanza hewa inaingilia wapi na kutokea wapi.

Kwa familia yenye uwanja unaopata jua, nafasi ya kwanza ninalipatia kaushio la jua la kabati lenye sehemu mbili: sanduku bapa lililopakwa rangi nyeusi ndani na kufunikwa kwa kioo au nailoni angavu, na kabati la trei lenye dohani, lililounganishwa na sanduku hilo. Hewa huingia chini, hupata joto katika sanduku, hupanda ikipita kwenye trei, kisha hutokea juu. Kwa kuwa jua halikipigi chakula moja kwa moja, mboga za majani hubaki na rangi yake ya kijani na kupoteza kiasi kidogo zaidi cha vitamini A, ambayo mwanga wa jua huiharibu sana. Lipo pia kaushio la sanduku moja, ambalo jua hupenya hadi kwenye chakula. Ni la bei ndogo na linafaa kwa nyanya na ndizi, lakini mboga za majani zikiwekwa humo ni lazima zifunikwe kwa kitambaa cheusi chepesi.

Makaushio ya namna hii huweza kuagizwa kwa mafundi. Katika Tanzania, ofisi za SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, zipo mikoani na ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia. Seremala wa mtaani naye anaweza kulitengeneza, mradi mnunuzi akague mambo machache kwa macho yake. Trei ziwe na wavu wa chuma kisichoshika kutu au wa plastiki ya kuwekea chakula, kwa sababu tindikali ya nyanya na nanasi humega zinki ya wavu wa kawaida. Mbao zisiwe zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Nailoni iwe ile ya kitalu nyumba, inayostahimili jua, kwa maana nailoni ya kawaida hukakamaa na kupasuka mapema. Kisha, kabla ya kulipa fedha iliyobaki, kaushio liwekwe juani kwa muda wa nusu saa, mlango ukiwa umefungwa, na kijiti cha udi kinachofuka kishikwe kwenye tundu la chini. Moshi ukivutwa ndani na kutokea kwenye dohani, fundi amefanya kazi yake. Ukizagaa pale chini au kupenya pembeni mwa mlango, arudie.

Kuhusu ukubwa, meta moja ya mraba ya trei hubeba kilo 4 hadi 5 za vipande vibichi. Kilo 10 za nyanya, ambazo karibu zote ni maji, hutoa takriban gramu 650 tu zilizokauka, kwa hiyo kaushio dogo mno humchosha mwenye nalo kabla msimu haujaisha.

Nafasi ya pili ni ya mashine ya umeme ya sanduku, yenye feni nyuma ya trei. Kwa wakazi wa ghorofani, na kwa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wakati wa masika, mashine hii inastahili kuwa ya kwanza, kwa kuwa hewa ya pwani yenye unyevu haikaushi kitu usiku kucha. Iwe na kidhibiti joto kinachosomeka kwa nyuzi: 35 hadi 40 kwa majani ya viungo, 55 hadi 60 kwa matunda na mboga. Nyama hudai zaidi, kwani ni lazima ipashwe hadi ndani ya nyama yenyewe pafike nyuzi 71 kabla ya kukaushwa. Mashine ya wati 500 ikifanya kazi saa 10 haitazidi uniti 5, lakini mteja wa TANESCO anayenunua umeme kwa bei nafuu ya chini ya uniti 75 kwa mwezi ahesabu vizuri asije akavuka kiwango hicho. Anayeletewa mashine na ndugu kutoka Marekani aangalie kibandiko cha nyuma, kwa sababu nyingi za huko ni za volti 120 na zitaungua kwenye umeme wetu wa volti 230.

Mashine ya duara, yenye trei zinazopangwa moja juu ya nyingine na feni chini, inashika nafasi ya tatu. Trei ya chini hukauka mapema kuliko ya juu, hivyo ni lazima zibadilishwe nafasi mara kwa mara, na maji ya embe hudondokea kwenye injini. Inamtosha anayekausha viungo na kilo moja au mbili za matunda.

Kaushio la hema au la handaki ni la vikundi vinavyouza, na nyumba moja haitalijaza. Oveni ya jikoni siishauri, kwa kuwa nyingi hazishuki chini ya nyuzi 70 na hulazimu mlango uachwe wazi, jambo linalopoteza umeme au gesi.

Asiye na uwezo wa kununua kaushio kwa sasa aachane na mkeka wa chini na atengeneze kichanja cha kimo cha meta moja, kilichofunikwa kwa wavu mpya usio na dawa. Vyandarua vya mbu vya zamani, ambavyo wengi huvitandaza juu ya dagaa na mboga, vilitiwa kiuatilifu na havipaswi kabisa kugusa chakula.